Tulinde Kipandisha Volti Dhidi ya Umeme Unaorudi Nyuma

Chama cha msingi kinapofunga umeme wa jua ghalani, huenda paneli zikawa za volti 12, na betri zikaunganishwa mbili mbili ili kupata volti 24 za kuendeshea mizani na taa. Kati ya paneli na betri huwekwa kipandisha volti, yaani chombo kinachopokea umeme wa volti chache na kuutoa ukiwa na volti nyingi zaidi. Mchana chombo hiki hufanya kazi vizuri. Hatari yake huanza jua linapotua, nayo ndiyo makala haya yanayokusudia kuieleza, ili mkulima asifike alfajiri na mazao yake akakuta mizani imezimika.

Jinsi Kinavyofanya Kazi

Ndani ya kipandisha volti mna koili, swichi ya transista, dayodi na kapasita. Swichi inapopitisha umeme, koili hujaa nguvu. Inapokata, koili huusukuma umeme huo kupitia dayodi hadi kwenye betri. Jambo hili hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde. Dayodi ni kama vali ya pampu ya kisima: huyaruhusu maji kupanda tangini, wala haiyaachi yarudi chini.

Umeme Hurudije?

Usiku paneli hukosa nguvu, lakini betri hubaki na volti zake, na umeme hutafuta njia ya kurudi. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni ndogo. Hata dayodi ikizuia, sehemu zinazopima volti za upande wa kutokea huendelea kunywa umeme wa betri. Tuseme zinakunywa miliampea 20 kwa saa 12. Hizo ni ampea-saa 0.24 kila usiku, au 7.2 kwa siku 30.

Ya pili ni kubwa. Vipandisha volti vingine, kwa ajili ya kupunguza joto, vimewekewa transista mahali pa dayodi. Transista iliyowashwa hupitisha umeme pande zote mbili. Ikiwa chombo hakikuundwa kuizima mara mkondo unapogeuka, kitafanya kazi kinyumenyume na kuumwaga umeme wa betri upande wa paneli. Umeme huo ukikosa pa kwenda, volti za upande wa kuingilia huweza kupanda na kuharibu sehemu zisizoweza kuzihimili.

Kinga Yake

Kinga iliyo rahisi ni kuongeza dayodi moja ya nje kwenye waya chanya, baina ya kipandisha volti na betri, mstari wake ukielekea betri. Yafaa iwe ya aina ya Schottky, inayopoteza volti 0.5 hivi, kwani ya kawaida ya silikoni hupoteza 0.7 au zaidi. Mkondo ukiwa ampea 6, hasara ni wati 3 tu katika wati 144. Joto hilo dogo hata hivyo huichosha dayodi. Hivyo ifungwe juu ya bamba la alumini, na ichaguliwe yenye uwezo wa ampea maradufu ya zinazohitajika na volti zisizopungua 60.

Kwa kuwa dayodi hula sehemu ya volti, kipimo cha kuchajia kisisomwe kwenye chombo bali kwenye ncha za betri yenyewe, wakati imekaribia kujaa. Kwa betri za risasi za volti 24, volti 27.6 zafaa kuitunza ikiwa imejaa.

Ikumbukwe kwamba dayodi si badala ya fyuzi. Waya zikigusana, umeme wa paneli hupita moja kwa moja katika koili na dayodi hata swichi ikiwa imezimwa, na betri nayo humwaga nguvu zake zote. Fyuzi iwekwe karibu na betri.

Namna ya Kupima

Baada ya jua kutua, fundi achomoe fyuzi, aweke mita mahali pake, akianza na kipimo cha ampea 10. Mita ikionyesha mkondo unaotoka kwenye betri kuelekea kipandisha volti, kinga haipo au imeharibika.

Kamati za vyama ziliweke jambo hili katika ukaguzi wa kabla ya msimu. Bei ya dayodi moja ni ndogo mno mbele ya bei ya betri mbili, na betri hizo zimenunuliwa kwa jasho la wanachama.