Je, Wajua? Chombo cha Povu

Je, wajua kwamba Mwingereza Derek Kelsall, aliposhinda mwaka 1966 mashindano ya kwanza ya tanga ya kuizunguka Uingereza, chombo chake Toria, chenye matumbwi matatu ambayo baharia wa ngalawa asingeyastaajabia, kilikuwa kimeundwa kwa povu gumu la plastiki lililovikwa faibaglasi ndani na nje? Siri yake si povu, ambalo peke yake ni dhaifu mno, bali ni masafa linayoyaweka baina ya tabaka mbili za faibaglasi, ambazo kadiri zinavyotengana ndivyo ukuta unavyozidi kukakamaa, ilhali uzito hauongezeki ila kidogo. Kwa hiyo anayeazimia kujiundia chake nyumbani hana budi kuhesabu rezini, yaani utomvu unaoigandisha faibaglasi, tangu karatasini, maana inayozidi kiasi haitii nguvu, hutia uzito tu.