Maji ya Majani ya Porini na Maradhi ya Mazao

Tangu zamani wazee wetu walijua kwamba mimea ya porini ina nguvu za dawa. Leo wengi wauliza: Je, dawa hizo zaweza kuponya mazao nayo? Jibu ni kwamba kwa maradhi mengine husaidia, na kwa mengine hazifai kitu. Asiyejua tofauti hiyo aweza kupotewa na shamba zima huku angali akitwanga majani.

Maradhi tunayoyataja huletwa na bakteria, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Baadhi yao hukaa juu ya mbegu na majani. Hao ndio waletao madoa meusi ya nyanya: husafiri pamoja na mbegu, kisha matone ya mvua huwarusha toka mche hata mche. Hao dawa yaweza kuwafikia. Wataalamu katika Tanzania wamekwisha jaribu maji ya mshubiri juu ya mbegu na miche ya nyanya, wakaona madoa yamepungua. Lakini dawa hii hukinga tu. Jani lililokwisha oza halirudi kuwa zima, na mvua ikinyesha dawa huoshwa.

Bakteria wengine huingia ndani ya mishipa ya shina ipandishayo maji. Huko dawa ya kunyunyiza haifiki. Ndivyo ulivyo mnyauko wa nyanya na viazi ulaya, na ndivyo ulivyo mnyauko wa migomba uliotambuliwa Uganda mwaka 2001.

Basi utajuaje? Mnyanya ukinyauka ungali kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitie ncha katika bilauri ya maji safi, ukishike kisitikisike. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka, ujue kwamba bakteria wamo ndani. Usitwange majani tena. Ng'oa mche, uuchome moto, wala usipande hapo nyanya, viazi ulaya, biringanya wala pilipili, panda mahindi. Kwa migomba, vunja ua la dume kwa panda ya mti, wala usilikate kwa kisu. Na kila panga litakaswe kwa moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Tena, si kila mmea mkali ni dawa ya bakteria. Utupa huua wadudu, hata samaki. Basi usiumwage mtoni kwa kudhani waponya shamba.

Mwenye kutaka kujaribu dawa ya majani na ajaribu kwa busara: tuta moja alinyunyize, tuta la pili aliache bila dawa, kisha ayatazame yote mawili hata siku ya kuvuna. Matuta hayo yatamwambia kweli kuliko maneno ya jirani.