Kesi ya Watoto: Kufundisha Sheria ya Mazingira Darasani

Aghalabu mwanafunzi akisikia neno sheria hufikiria polisi na faini. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa mwanasheria mmoja, kwamba sheria ya mazingira yaweza kufundishwa hata katika shule ya msingi.

Antonio Oposa wa Ufilipino ameitetea sheria hiyo mahakamani na kuifundisha chuo kikuu. Mwaka 1990 alifungua kesi kwa niaba ya kundi la watoto, wakiwamo wanawe, akiitaka serikali ifute leseni za kukata magogo. Watoto walidai kwa niaba yao wenyewe na ya vizazi ambavyo havijazaliwa. Mahakama ya chini iliitupa kesi hiyo. Lakini tarehe 30 Julai 1993 Mahakama ya Juu iliamua kwamba walikuwa na haki ya kushtaki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, nayo inavitaja vizazi vijavyo.

Hata hivyo, hukumu ile peke yake haikufuta leseni hata moja. Mwaka 1999 Oposa alifungua kesi nyingine, juu ya uchafu wa Ghuba ya Manila. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliziamuru idara za serikali kuisafisha, na kuiagiza Wizara ya Elimu iingize mafunzo ya kuzuia uchafuzi katika mitaala ya ngazi zote. Mwalimu alitajwa kwa sababu iliyo wazi: ghuba iliyosafishwa kwa amri itachafuliwa tena na watu wasioelewa sababu ya amri hiyo.

Basi, somo liendeshweje? Kwanza, wapeleke wanafunzi kwenye kijito au miti iliyo jirani, waandike wanachokiona. Pili, waulize: nani anakitumia leo, na nani atakihitaji kesho? Tatu, liwe baraza darasani: wengine wawe wakata miti, wengine wanakijiji, na mmoja aseme kwa niaba ya wasiozaliwa. Wakata miti nao wapewe hoja za haki, maana wana watoto wa kulisha. Mwalimu asitoe hukumu; darasa liamue na kueleza sababu zake.

Tukiwakaririsha makatazo tu, watayatii mbele ya mwalimu na kuyasahau njiani. Walioyapima wenyewe watakuwa na la kusema siku msitu wa kijiji chao utakapojadiliwa.