Orodha Tupu si Sifuri

Je, umepata kufika Bagamoyo? Mji huu uko pwani, kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Ukisimama ufukoni alfajiri, karibu na soko la samaki, utaona vyombo vikirejea kutoka baharini. Wavuvi hushusha samaki, wachuuzi hununua, na karani huandika daftarini kiasi kilicholetwa na kila chombo.

Siku hizi kumbukumbu kama hizo huweza kutiwa katika kompyuta. Kompyuta hufanya hesabu upesi sana, lakini haijui lililotokea baharini. Hufuata maagizo tu. Maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu huitwa programu. Katika somo hili tutajifunza makosa mawili yanayoweza kutokea ikiwa mtungaji wa programu si mwangalifu.

Dagaa na mbalamwezi

Dagaa wa baharini huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hukusanyika penye mwanga, kisha huzungushiwa wavu. Mwezi mpevu unapong'aa, mwanga huenea baharini kote, na taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri. Kwa sababu hiyo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, wakashona nyavu na kutengeneza vyombo vyao. Siku hizo karani hana la kuandika.

Jaribio la kwanza

Vifaa: makasha matatu matupu ya viberiti, vipande vitano vya karatasi, na kalamu.

Fanya hivi:
1. Yape makasha majina A, B na C. Kila kasha ni orodha ya usiku mmoja.
2. Andika 12, 8 na 10 kwenye vipande vitatu, uvitie katika kasha A. Kila kipande ni chombo kimoja, na namba ni ndoo za dagaa kilizoleta.
3. Andika 0 kwenye kila kimoja cha vipande viwili vilivyobaki, uvitie katika kasha B.
4. Kasha C usilitie kitu.
5. Tafuta jumla ya ndoo katika kila kasha. Kisha gawanya jumla hiyo kwa idadi ya vipande, upate wastani wa kila chombo.

Umeona nini? Kasha A lina jumla ya ndoo 30 kwa vyombo 3, na wastani ni ndoo 10. Kasha B lina jumla ya 0 kwa vyombo 2, na wastani ni 0. Kasha C nalo lina jumla ya 0, lakini vyombo ni 0 pia. Ukitaka wastani, yakupasa kugawanya 0 kwa 0, na hesabu hiyo haina jibu.

Sasa fikiri. Jumla ya B na jumla ya C ni sawa, lakini habari zake ni mbalimbali. Kasha B linatuambia kwamba vyombo viwili vilikwenda baharini, wavuvi wakakesha, wakarudi mikono mitupu. Kasha C halituambii hivyo. Huenda wavuvi walipumzika, au huenda karani alisahau kuandika. Ili kujua sababu ni lazima kumwuliza mtu.

Tofauti hii ni kubwa. Tukijaza sifuri kila usiku wa mbalamwezi, atakayesoma taarifa atadhani kwamba vyombo vinatoka na samaki wamekwisha. Anaweza kushauri uvuvi usimamishwe bila sababu, na wavuvi wakakosa riziki. Vilevile, tukizitupa sifuri za kweli kama zile za kasha B, hatutatambua kwamba samaki wanapungua.

Kukagua orodha

Watu huiagiza kompyuta kwa lugha maalumu. Lugha moja ni Python, iliyotolewa mwaka 1991. Nyingine ni JavaScript, iliyotungwa mwaka 1995. Tuseme programu inaipima orodha ili ipate jibu la "ndiyo" au "hapana". Orodha ikiwa tupu, Python huihesabu kuwa "hapana", kwa sababu haina kitu ndani. JavaScript huihesabu orodha hiyo hiyo kuwa "ndiyo", kwa sababu kasha lipo, hata kama ni tupu.

Kwa hiyo mtungaji mwangalifu haulizi, "Je, kasha lipo?" Huuliza, "Mna vitu vingapi ndani ya kasha?" Jibu likiwa 0, orodha ni tupu, kwa lugha yoyote.

Jaribio la pili

Chukua kipande chenye 12 na kipande chenye 8. Vijumlishe kwa akili. Umepata 20. Sasa viweke mezani ubavu kwa ubavu, 12 kwanza, 8 baadaye, na usome. Umepata 128!

Kompyuta huweza kufanya vivyo hivyo. Kwake, 12 ni namba, lakini "12" ndani ya alama za usemi ni maandishi, kama lilivyo neno "dagaa". Mara nyingi tunachokipiga kwenye kibodi hupokewa kwanza kama maandishi. JavaScript ikiambiwa ijumlishe "12" na 8, huigeuza 8 kuwa maandishi kimyakimya, kisha huyaunganisha: "128". Ikiambiwa itoe 8 katika "12", huyageuza maandishi kuwa namba, na jibu ni 4. Python ikipewa "12" na 8 ijumlishe, hukataa na kueleza kwamba pana kosa. Kukataa huko kunatusaidia, kwa maana kosa linaloonekana huweza kusahihishwa.

Hebu fikiri wavuvi wanangoja mgawo wao. Ndoo ni 20, lakini karatasi inasema 128. Ndoo 108 zimetokea katika mashine, wala hazikuvuliwa baharini. Nani atazilipia?

Maagizo ya programu salama

1. Hesabu vitu vilivyomo katika orodha.
2. Idadi ikiwa 0, andika "Hakuna kumbukumbu", usiandike 0, kisha simama.
3. Idadi isipokuwa 0, geuza kila kitu kiwe namba. Kisichogeuzika, andika "Kosa", kisha simama.
4. Jumlisha namba zote.
5. Gawanya jumla kwa idadi ya vitu.

Kumbuka: sifuri ni jibu la mtu aliyepima. Orodha tupu haina jibu.

Zoezi

1. Kwa nini wavuvi wengi wa dagaa hupumzika wakati wa mbalamwezi?
2. Eleza tofauti kati ya kasha B na kasha C.
3. Kompyuta ikiunganisha "7" na "5" kama maandishi, itapata nini? Jumla ya kweli ni ngapi?
4. Kipimamvua cha shule kilionyesha milimita 6 Jumatatu, 0 Jumanne na 9 Alhamisi. Jumatano hakuna aliyepima. Tafuta wastani wa siku zilizopimwa. Mwenzako amegawanya kwa 4. Mweleze kosa lake.