Kiti cha Caroline Haslett

Itazame soketi ya matundu matatu ukutani kwako. Pini ya juu ya plagi, ile ya athi, imefanywa ndefu kuliko zile mbili kwa makusudi: ikiingia inasukuma vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya chini. Pini hiyo isipoingia, mtoto akichokoa matundu hayo kwa msumari haugusi umeme. (Wanaochomeka kalamu tundu la juu ili plagi ya pini mbili ipite, waache, kinga hiyo wanaiondoa wenyewe.)

Soketi hii ilitokana na kamati iliyoundwa Uingereza mwaka 1942 kupanga umeme wa majumbani baada ya vita. Sharti lake la kwanza kwa soketi mpya lilikuwa usalama wa watoto wadogo. Kati ya wajumbe 20, mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett. Kiwango chenyewe kilitoka mwaka 1947, nasi Afrika Mashariki tunakitumia hadi leo.

Haslett alikifikiaje kiti kile cha kamati? Alianza na ukarani katika kampuni ya kutengeneza boila, kisha akaomba ajifunze kazi karakanani. Mwaka 1919 wanaume walirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na sheria ya kurejesha taratibu za awali ikawatoa wanawake wengi viwandani. Mwaka huohuo wanawake wachache wakaunda chama cha wahandisi wanawake, naye akawa katibu wake wa kwanza. Mwaka 1924 kikazaliwa chama kingine, cha wanawake na umeme, alichokiongoza kwa zaidi ya miaka 30. Hiki kiliwapokea hata akinamama wa nyumbani, na mwaka 1934 kikawachapia kitabu cha mwongozo wa umeme. Alipoketi na wale wanaume 19, Haslett alikuwa na miaka mingi ya kuwasikiliza watu wanaoishi na soketi.

Chama kama hicho pia huwakutanisha watu wasiojuana kwa karibu, na hilo lina uzito wake. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi hutufikia zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa kuwa wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Mhandisi aliye mwanamke pekee kwenye zamu yake anahitaji sana ufahamiano huo wa mbali. Utafiti wa IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, wa mwaka 2019 ulikuta wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu na asilimia 22 katika mafuta na gesi. Hata katika nishati jadidifu, kwenye kazi za kisayansi na kiufundi walikuwa asilimia 28 tu.

Kwa hiyo chama cha wanawake wa nishati nakipima kwa mambo mawili: habari ya nafasi au zabuni inamfikia upesi kiasi gani fundi aliye mbali na mji mkuu, na wanachama wangapi wanakaa kwenye kamati za kiufundi. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yana kamati kama hizo, na ndiko viwango vya vifaa tunavyochomeka majumbani hujadiliwa. Warsha ya hotelini ina faida yake, lakini jina la mjumbe lipelekwe kwenye kamati hizo kwanza.