Fedha za magari yanayojiendesha ziko kwenye kuhama njia

Kulishika gari lisitoke nje ya mistari ya barabara, viwanda vimeshaweza. Hata magari ya bei ya kati sasa yanauzwa na uwezo huo. Kinachozitenganisha kampuni leo ni kuhama njia: kuovateki, kumpisha anayeingia, kuiwahi njia ya kutokea.

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Likitumia sekunde 5 kuhama, limekwisha kula mita 140. Kompyuta huchora mkunjo laini wa kupita, kisha huuamuru usukani na breki mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ukitaka lihame kwa nusu ya muda huo, nguvu inayomsukuma abiria pembeni huwa mara 4.

Hesabu hizo zimo vitabuni, hakuna wa kuzifungia kabatini. Kazi iko kwa dereva anayekuja nyuma: atapunguza mwendo, au ataiziba nafasi? Gari lenye woga litakwama nyuma ya lori, na lenye pupa litaua. Kwa maoni yangu, mfumo wa kulipiwa ni ule unaojua kughairi katikati na kurudi njiani mwake salama.

Sheria nazo zimekwenda hatua kwa hatua. Kanuni namba 157 ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa 2020, iliruhusu gari lijiendeshe hadi kilomita 60 kwa saa bila kuhama njia. Mwaka 2022 ikapanuliwa hadi kilomita 130, na kuhama kukaruhusiwa. Mwaka 2023 BMW ilileta 5 Series ambayo hupendekeza kuhama, na dereva hukubali kwa kutazama kioo cha pembeni. Likitokea la kutokea kwenye gari hilo, mwenye dhamana bado ni dereva.

Biashara ya kumwondoa dereva kabisa imemeza mabilioni ya dola. Argo AI, iliyotegemea fedha za Ford na Volkswagen, ilifungwa 2022. Desemba 2024 General Motors iliacha kugharimia teksi zisizo na dereva za kampuni yake ya Cruise, ikageukia mifumo ya kumsaidia dereva. Waymo, iliyoanzia Google mwaka 2009, inaendelea kubeba abiria bila dereva.

Kwa upande wa mizigo, kampuni ya Aurora ilianza safari za malori yasiyo na dereva kati ya Dallas na Houston mwaka 2025. Haukupita muda mrefu, PACCAR, mtengenezaji wa malori hayo, ikaomba mtu arudishwe kwenye kiti cha dereva, kwa kuwa baadhi ya vipuri vilikuwa bado vya majaribio.