Wiyoni Yataka Mtu Mzima wa Kila Wiki

Wazazi mlioko Uingereza mnaujua mpango wa Duke of Edinburgh's Award, kwani watoto wenu huupitia shuleni. Wachache wanajua kuwa mpango huohuo uko Kenya tangu 1966, miaka 10 tu baada ya kuanzishwa huko, na kwamba huku unaitwa Tuzo ya Rais. Mwaka 2017 ulitungiwa sheria yake. Basi anayetaka kuwafaa vijana wa Wiyoni, hapa Lamu, hana haja ya kusajili shirika jipya.

Mpango ni wa vijana wa miaka 14 hadi 24. Hawashindanishwi. Kila mmoja hujichagulia huduma kwa jamii, ustadi na mazoezi ya mwili, akavifanya kwa takriban saa moja kwa wiki, kisha akasafiri na wenzake. Ngazi ni tatu: Shaba, ambayo haipungui miezi 6, Fedha na Dhahabu.

Haya hayaendi bila watu wazima wanaojitolea. Kiongozi wa Tuzo hukutana na vijana, huwasaidia kuweka malengo na hufuatilia kumbukumbu zao. Mtathmini huthibitisha kwamba kazi imefanyika kweli. Na wa kufundisha ustadi si lazima awe na shahada: fundi wa majahazi wa Matondoni anayejua kukalafati anatosha, na anayeshona kofia za vito anatosha pia. Kwa maoni yangu, hazina kubwa ya Lamu iko hapa, nasi tumechelewa kuitumia.

Safari ndiyo sehemu nzito. Kundi la vijana 4 hadi 7 husafiri kwa nguvu zao, mtu mzima akiwaangalia kwa mbali. Ya Shaba ni siku 2 na usiku 1. Ya Dhahabu ni siku 4. Kutoka Wiyoni wanaweza kwenda kwa miguu hadi Matondoni na Kipungani, au kwa tanga hadi Takwa, kisiwani Manda, ambako mkono wa bahari hupitika maji yakijaa. Msimamizi asiyejua bamvua asipewe watoto wa watu. Tena hakuna mama atakayemruhusu bintiye kulala nje bila mwanamke anayemwamini.

Ukijitolea, andaa cheti cha tabia njema cha Idara ya Upelelezi wa Jinai, pamoja na cha polisi wa nchi uliyoishi, na uwe tayari kwa mafunzo. Usione umeshukiwa, wengi wa vijana hawa bado ni watoto kisheria.

Anayekuja Ramadhani na kuondoka baada ya Idi asichukue uongozi. Afundishe anachokijua, au agharamie mahema na chakula cha safari. Uongozi ni wa aliyerudi kukaa. Akina mama mliostaafu Muscat, London na Mombasa mkarejea nyumbani, ninyi ndio wa kwanza kuombwa: nendeni shuleni Wiyoni, mzungumze na walimu.